AZFa, AZFb au AZFc: herufi ya mwisho ndiyo inayoonyesha njia

Tuchukue wanaume wawili waliokaa benchi moja nje ya chumba cha daktari. Kila mmoja ameshika karatasi ya kipimo cha manii, na karatasi zote mbili zina neno lile lile: azospemia, yaani hakuna hata mbegu moja iliyoonekana. Umri wao unalingana, testosteroni ya kila mmoja iko sawa, wote wana ndevu. Ukiwatazama hutawatofautisha. Damu yao inapelekwa kupimwa kromosomu Y na majibu yanarudi: wa kwanza ana pengo, yaani kipande cha DNA kilichokosekana, kwenye eneo la AZFa, wa pili kwenye AZFc. (AZF ni kifupi cha Kiingereza, azoospermia factor: maeneo ya kromosomu Y yanayohitajika ili mbegu zitengenezwe.) Kuanzia hapo njia zao zinaachana. Wa pili ana sababu nzuri ya kufikiria upasuaji wa kutafuta mbegu ndani ya korodani. Wa kwanza akikubali upasuaji huohuo, atapasuliwa bure.

Wengi hukipokea kipimo hiki kama mlango wa matumaini. Mimi nakiona kwanza kama kizuizi cha barabarani: kinamwambia mtu ageuze gari papo hapo, kabla hajapoteza muda, fedha na nyama ya korodani. Kwa hiyo sitagawa nafasi sawa kwa kila eneo. AZFa na AZFb zina jibu fupi. AZFc ndiyo yenye maamuzi mengi, na huko ndiko tutakakokaa.

Neno moja kabla ya kuendelea, maana linaumiza watu bure. Mtaani ugumba na uhanithi huwekwa kapu moja. Mwanaume mwenye pengo la AZF kwa kawaida hana tatizo lolote kitandani. Jogoo anapanda mtungi kama kawaida, na manii yanatoka kwa kiasi cha kawaida. Kinachokosekana ni mbegu ndani ya manii hayo, na mbegu hazionekani kwa macho. Ndiyo maana mtu anaweza kuishi miaka mingi na mkewe, mke akapimwa kila kitu, na mume asipimwe hata mara moja.

Ramani kwanza

Kromosomu Y ina herufi za DNA milioni 62 hivi, na ni mwaka 2023 tu ndipo ilipochapishwa ikiwa imesomwa yote mwanzo hadi mwisho. Mkono wake mfupi una jeni ya SRY, ile inayoielekeza mimba changa kuwa ya kiume. Maeneo ya AZF yako mbali na hapo, kwenye mkono mrefu. Umbali huo ndio unaoeleza kwa nini mtu anaweza kukosa mbegu kabisa huku mwili wake ukiwa wa kiume kikamilifu: SRY ilishafanya kazi yake na haijaguswa.

Habari yenyewe ilianza Italia mwaka 1976. Luciano Tiepolo na Orsetta Zuffardi waliwaeleza wanaume sita wasio na mbegu ambao kromosomu Y zao zilikatika sehemu ya mkono mrefu, kiasi cha kuonekana kwa darubini. Walipendekeza kwamba huko kuna kitu kinachohitajika ili mbegu zitengenezwe. Miaka 20 baadaye, 1996, Peter Vogt na wenzake walionyesha kwamba kitu hicho si kimoja. Ni maeneo matatu yaliyopangana, nayo yakaitwa a, b na c.

Kwa nini Y inyofoke hapo na si kwingine? Kromosomu nyingine huja mbilimbili, hivyo moja ikiharibika kuna pacha wake wa kunakili. Y iko peke yake. Sehemu yake kubwa haina mwenzake, kwa hiyo imejijengea njia yake: imeandika jeni zake muhimu mara mbili, nakala moja ikiitazama nyingine kama kwenye kioo, mfano wa neno “ada” linalosomeka vilevile kutoka upande wowote. Kipande kikubwa kuliko vyote cha namna hiyo kina herufi milioni 2.9, na pande zake mbili zinafanana kwa asilimia 99.97. Jeni ikipata kasoro upande mmoja, hurekebishwa kwa kunakili upande wa pili. Ni ujanja mzuri, ila una gharama. Wakati mbegu zinatengenezwa, sehemu mbili zinazofanana mno zinaweza kushikana kimakosa, na kila kilichokuwa katikati yao kikanyofoka na kupotea.

Kosa hilo kwa kawaida hutokea katika mbegu moja ya baba, ile iliyomzaa mgonjwa. Baba mwenyewe Y yake ni nzima, na huenda ana watoto wengine wenye uwezo kamili wa kuzaa. Kwa hiyo anayetafuta laana kwenye ukoo anachimba mahali pasipo na kitu. Na wala si suala la alichokula, alichovuta au alichofanya ujanani. Pengo hili mtu anazaliwa nalo.

AZFa na AZFb: mahali pa kusimama

AZFa ndilo pengo dogo kuliko yote na ndilo baya kuliko yote. Kinachopotea ni herufi laki nane hivi. Mipaka yake ni mabaki mawili ya virusi vya kale vilivyojipachika kwenye DNA ya mababu zetu zamani sana, kila baki likiwa na herufi elfu kumi hivi. Mabaki hayo yakishikana, jeni mbili zilizokuwa kati yao, USP9Y na DDX3Y, zinaondoka pamoja.

Ukichukua kipande cha korodani ya mwanaume huyu na kukitazama kwa darubini, utaona vijirija ambamo mbegu hutengenezwa, na ndani yake seli za Sertoli, ambazo kazi yake ni kuzilea mbegu zinazokua. Walezi wapo, watoto hawapo. Hakuna hata seli ya mwanzo ambayo ingeweza kuja kuwa mbegu. Korodani mara nyingi ni ndogo, na homoni ya FSH huwa juu kwa sababu ubongo unazidi kutuma amri kwa kiwanda kisicho na wafanyakazi.

AZFb hudanganya zaidi. Hapa zinanyofoka herufi milioni 6 na ushee, zikiwemo nakala za jeni ya RBMY. Seli za mwanzo zipo, zinaanza safari ya kuwa mbegu, kisha zinakwama katikati na kufa. Kwa kuwa vijirija havikauki, korodani zinaweza kuwa na ukubwa wa kawaida na FSH ikawa ya kawaida pia. Daktari akiangalia dalili hizo tu, bila kupima Y, atasema mambo yanaonekana mazuri, twende tukapasue. Pengo la AZFb lingemwambia vinginevyo.

Ukiyaweka mawili haya pamoja, sababu ni tofauti, picha ya darubini ni tofauti, vipimo vya homoni ni tofauti, lakini uamuzi ni mmoja. Pengo kamili la AZFa, pengo kamili la AZFb, au pengo linalojumuisha b na c kwa pamoja, uwezekano wa kupata mbegu kwa upasuaji ni kama haupo. Miongozo ya kitaalamu inashauri upasuaji usifanywe kabisa. Nasisitiza neno “kamili”, kwa sababu kuna watu wachache wenye pengo la sehemu tu ya AZFb, na miongoni mwao mbegu zimewahi kupatikana. Kwa hiyo mwenye jibu la AZFb ana haki ya kuuliza kama mipaka ya pengo ilipimwa, au maabara iliishia kusema tu kwamba AZFb haipo.

Maeneo haya mawili ni adimu. Kati ya mapengo yote yanayogunduliwa, AZFa ni asilimia 0.5 hadi 4, na AZFb peke yake asilimia 1 hadi 5. Karibu asilimia 80 ni AZFc.

AZFc: hapa ndipo pana maamuzi

Pengo la kawaida la AZFc ni la herufi milioni 3.5. Linaondoa, pamoja na vingine, nakala zote nne za jeni ya DAZ, ambayo jina lake lenyewe lilitokana na kukosekana kwake kwa watu wasio na mbegu. Ungetegemea hali iwe mbaya kuliko ya AZFa, maana kilichopotea ni zaidi ya mara nne. Sivyo. Jeni inayofanana na DAZ, iitwayo DAZL, iko salama kwenye kromosomu ya 3, na inaelekea inasaidia kuziba sehemu ya pengo. Kiwanda hakifungwi, kinafanya kazi kwa kusuasua, pengine kwenye kona moja tu ya korodani.

Ndiyo maana wenye AZFc hawafanani. Mmoja ana mbegu laki kadhaa kwa kila mililita ya manii. Kuwa na zaidi ya milioni 5 ni nadra, ilhali Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa chini wa kawaida kwenye milioni 16. Mwingine haonyeshi mbegu hata moja, lakini manii yakizungushwa kwenye sentrifyuji na mashapo kutazamwa kwa subira, zinaonekana tatu au nne. Wa tatu hana kabisa kwenye manii ila zimo ndani ya korodani. Wa nne hana popote. Na wapo wachache ambao waliwahi kumpa mke mimba kwa njia ya kawaida, nadra sana, lakini wapo.

Jambo ambalo wengi hawaelezwi mapema ni kwamba hali hii inaweza kushuka. Mwenye AZFc aliyekuwa na mbegu chache akiwa na miaka 25 anaweza kukuta hana kabisa akiwa na 35. Kwa hiyo kwake “tusubiri kidogo” ni uamuzi wenye bei. Kwa mwenye AZFa kusubiri hakubadilishi kitu upande wake.

Utakutana pia na jina gr/gr kwenye baadhi ya majibu. Ni pengo dogo ndani ya AZFc, herufi milioni 1.6, linalopunguza nakala bila kuzimaliza. Huongeza uwezekano wa mbegu kuwa chache, lakini limekutwa pia kwa wanaume wengi wenye watoto. Kuna tawi moja la kromosomu Y lililoenea Japani ambalo hubeba pengo la aina hiyo kizazi hadi kizazi. Kitu kinachorithiwa na kuenea hivyo hakiwezi kuwa kinazuia uzazi. Ukiandikiwa gr/gr, usiisome kama AZFc.

Kariotaipu au PCR?

Swali hili huja pale mtu anapotaka kupima kimoja ili aokoe fedha. Jibu fupi ni kwamba vipimo hivi viwili haviwezi kubadilishana zamu.

Kariotaipu ni picha ya kromosomu zote 46 chini ya darubini. Inaona mambo makubwa: X ya ziada, ambayo ndiyo hali ya Klinefelter, chanzo cha kijenetiki kinachoongoza kwa wanaume wasio na mbegu, vipande vilivyohamia kromosomu nyingine, au mwanaume ambaye kromosomu zake ni XX, SRY ikiwa imerukia kwenye X. Lakini pengo la AZFa la herufi laki nane haliwezi kulionyesha. Kwa darubini hiyo, Y inaonekana nzima kabisa.

PCR, kipimo kinachonakili vipande vidogo vya DNA ili vionekane, inafanya kinyume. Inauliza maswali madogo yenye ndiyo au hapana: alama hii ipo? Na hii je? Mapengo ambayo darubini haiyaoni, yenyewe inayaona, lakini X ya ziada inaipita bila habari. Zaidi ya hayo, ikirudisha jibu kwamba a, b na c zote hazipo kwa pamoja, PCR haiwezi kukuambia kama una pengo kubwa la Y au huna mkono mrefu wa Y kabisa. Hapo ni lazima urudi kwenye kariotaipu.

Ukipata nafasi ya kuona picha ya PCR ya mtindo wa jeli, itazame, maana inaeleweka kuliko karatasi ya majibu. Ni giza lenye mistari midogo inayong'aa, imepangwa kama vipago vya ngazi. Pembeni kuna sampuli tatu za mashahidi. Ya mwanaume aliyethibitika kuwa na watoto, mistari yote inang'aa. Ya mwanamke inaonyesha mstari mmoja tu, ule wa ZFX/ZFY ambao kila binadamu anao. Ya maji matupu, giza tupu. Kisha inakuja yako. Mstari wa ZFX/ZFY upo, kwa hiyo DNA imo na mashine imefanya kazi. SRY ipo. Alama za AZFa, sY84 na sY86, zinang'aa. Za AZFb, sY127 na sY134, zinang'aa. Mahali pa sY254 na sY255 pana giza. Hilo ndilo pengo la AZFc, na umeliona kwa macho yako.

Alama mbili kwa kila eneo hazikuwekwa kwa mapambo. Eneo likinyofoka, zote mbili huondoka. Ikikosekana moja huku jirani yake ipo, dhana ya kwanza iwe kosa la maabara au tofauti ndogo isiyo na madhara, na kipimo kirudiwe. Mimi singekubali kumwambia mtu hatazaa kwa mstari mmoja uliofifia.

Nani apime? Asiye na mbegu kwa sababu korodani hazizalishi, na mwenye mbegu chache mno. Miongozo inakubaliana juu ya walio chini ya milioni 1 kwa mililita. Kati ya milioni 1 na 5 wengine hupima na wengine hawapimi, kwa sababu huko mapengo yanapungua sana. Kati ya wasio na mbegu kwa tatizo la uzalishaji, mmoja kati ya kumi hivi hukutwa na pengo. Asiyehitaji kipimo hiki ni yule ambaye kiwanda chake kinafanya kazi ila barabara imefungwa: aliyefungwa mirija kwa hiari, au aliyezaliwa bila mirija ya kupitisha mbegu. Dalili ya huyu wa pili huonekana kwenye manii yenyewe, ambayo ni machache na yenye asidi. Na anayechoma sindano za testosteroni, kwa ajili ya misuli au kwa ushauri wa rafiki, aache kwanza na kupima upya baada ya miezi kadhaa, kwa kuwa sindano hizo zenyewe huzima uzalishaji.

Hapo hapo niseme kuhusu dawa. Kipande cha DNA kilichonyofoka hakirudishwi na vitamini, mizizi, vidonge vya homoni wala upasuaji wa mishipa iliyovimba ya korodani. Mwenye pengo akikutwa pia na mishipa hiyo, kuifunga hakutarajiwi kumpa mbegu. Na testosteroni akiitumia, anaweza kuzima hata zile chache alizonazo. Duka la dawa za “kuongeza nguvu za mbegu” halina rafu ya ugonjwa huu.

Ukishajua ni AZFc: kugandisha, kupasua au vyote

Kama mbegu zinaonekana kwenye manii, hata chache, njia rahisi ndiyo njia bora: zikusanywe na kugandishwa, zaidi ya mara moja, mapema. Ni jambo la chumba kidogo na kikombe, bila kisu. Kila kichupa kinachoingia kwenye naitrojeni kimiminika ni bima dhidi ya siku zitakapokwisha. Baadaye hutumika kwa ICSI, njia iliyotangazwa mwaka 1992 na kikundi cha Brussels, ambapo mbegu moja hudungwa ndani ya yai moja. Kwa mtu mwenye mbegu kumi badala ya milioni kumi, hesabu ya ICSI inatosha: inahitaji mbegu moja iliyo hai kwa kila yai.

Kama hazionekani, hata baada ya sentrifyuji na kurudia kipimo, ndipo linakuja suala la kupasua. Kuna kuchukua vipande vichache bila kulenga, na kuna maikro-TESE, iliyoelezwa mwaka 1999 na Peter Schlegel wa New York. Katika hii ya pili korodani inafunguliwa chini ya darubini ya upasuaji inayokuza zaidi ya mara kumi. Vijirija vingi vinaonekana vyembamba, vya manjano hafifu, kama uzi uliolegea. Mpasuaji anatafuta vile vilivyonenepa na kuwa vyeupe, dalili kwamba ndani kuna seli nyingi. Anavichomoa kidogo kidogo, na mtaalamu aliyekaa na darubini nyingine anavikata na kutazama papo hapo: zipo, hazipo, endelea. Inaweza kuchukua saa kadhaa.

Kwa wenye AZFc wasio na mbegu kwenye manii, mbegu hupatikana kwa takriban nusu yao, na vituo vingine huripoti zaidi. Kati ya hizo mbili ningechagua maikro-TESE bila kusita kama mpasuaji anayeifanya mara kwa mara yupo, kwa sababu AZFc ni ugonjwa wa kona: mbegu zinatengenezwa sehemu moja na si nyingine, na kuchomoa bila kuona ni kubahatisha. Nayo pia huacha nyama nyingi zaidi mahali pake. Testosteroni inaweza kushuka kwa miezi baada ya upasuaji, hivyo ipimwe kabla na baada.

Uamuzi mmoja mdogo husahaulika: je, upasuaji ufanyike siku moja na kuvuna mayai ya mke, au kwanza, mbegu zigandishwe, halafu mke aanze sindano? Kufanya kwa pamoja kunatoa mbegu mbichi. Lakini zikikosekana, mwanamke amechomwa sindano majuma mawili na kuvunwa mayai ambayo hayana mbegu ya kukutana nayo. Kutanguliza upasuaji kunamlinda na hilo, ila mbegu chache zikigandishwa baadhi hufa zinapoyeyushwa. Nikiulizwa, naegemea kutanguliza upasuaji, hasa pale ambapo nafasi ni nusu kwa nusu. Mwanamke si mgonjwa, ila mzigo mkubwa wa matibabu anaubeba yeye. Wanandoa waliokubaliana mapema kutumia mbegu za mfadhili iwapo za mume zitakosekana wanaweza kufanya vyote siku moja bila kuogopa hasara hiyo.

Na umri wa mke ndio saa halisi ya mchezo mzima. Mbegu za AZFc zikishapatikana hutungisha mayai vizuri kiasi cha kuridhisha. Kinachoamua zaidi kama mimba itashika ni mayai. Mke wa miaka 29 na mke wa miaka 41 hawako kwenye uamuzi mmoja hata kama majibu ya waume zao yanafanana neno kwa neno.

Kwa wenye a na b: mfadhili au kuasili

Hapa hakuna kisu cha kujadili, na kwa namna fulani hilo huleta nafuu. Zinabaki mbegu za mfadhili, kuasili mtoto, au kuishi wawili. Mfadhili humwezesha mke kubeba mimba, na pengo halirithiwi na mtoto yeyote. Kuasili kunawaweka mume na mke sawa mbele ya mtoto, hakuna aliyechangia damu na mwingine asichangie. Kwa baadhi ya ndoa usawa huo ni mkubwa kuliko unavyosemwa. Njia zote mbili zinategemea sheria na imani ya wahusika. Ninachoshauri ni kimoja: msiamue ndani ya juma lile majibu yalipotoka. Mume huwa bado anaomboleza, na anaweza kukubali lolote ili mada ifungwe.

Mtoto wa kiume atarithi

Hili linawahusu hasa wenye AZFc, kwa kuwa ndio wenye nafasi ya kuzaa. Binti hupokea X ya baba, hivyo pengo halimfikii. Mwana hupokea Y, na Y ni hiyo hiyo yenye pengo. Kila mtoto wa kiume, bila bahati nasibu. Atakuwa na afya na atabalehe kama wenzake. Akifika utu uzima atakuwa na mbegu chache kama baba yake, au hana kabisa. Kiasi gani hasa, pengo lenyewe halisemi.

Wengine, wakisikia hivyo, huomba viinitete vipimwe kabla ya kupandikizwa na wachague wa kike tu. Kitaalamu inawezekana, mahali sheria inaporuhusu. Wengine huona ni kumnyima mtu kuzaliwa kwa sababu ya tatizo ambalo baba yake ameishi nalo na kulipatia njia. Sijawahi kuona hoja inayomaliza mjadala huo, na sidhani mtu wa nje ana haki ya kuumaliza kwa niaba ya wanandoa.

Wanaoamua kupata mtoto wa kike au wa kiume, vyovyote atakavyokuja, wana kazi moja ya ziada akija wa kiume: kuitunza karatasi ile ya majibu, ile yenye sY254 na sY255 zilizokosekana, pamoja na cheti chake cha kuzaliwa. Mwana akiwa mtu mzima aambiwe na baba mwenyewe, kabla hajaoa, kisha apime manii akiwa bado kijana. Zikiwepo hata chache, zigandishwe mwaka huohuo.